Ufunguo wa Stoo: Wanafunzi Wakimsaidia Mwalimu Kutumia Teknolojia Darasani

Hotuba hii ilisomwa mbele ya walimu wakuu, bodi za shule, wazazi na wanafunzi. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mazungumzo ya leo yanahusu ufunguo. Si ule ufunguo wa maisha unaotajwa kwenye harambee. Ni ufunguo wa kawaida wa chuma, unaofungua stoo ambamo shule imeweka vishikwambi vyake.

Wengi hapa wanakumbuka vifaa hivyo vilipokuja. Mpango wa kitaifa wa elimu ya kidijitali ulianza kuvisambaza mwaka wa 2016, kwanza katika shule 150 za majaribio, kisha katika kaunti zote 47. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule ilipewa vishikwambi vya wanafunzi wa madarasa ya chini, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na kisanduku kilichohifadhi masomo ndani yake, ambacho huyarusha darasani bila waya hata mahali ambapo intaneti haijafika.

Kuna shule zilizovitumia vizuri hadi vikachakaa, na hizo zinastahili pongezi. Kuna nyingine ambazo vifaa vyao vimelala kwenye maboksi. Ukiuliza sababu, jibu la kwanza ni stima. La pili ni wizi. Yote mawili yana ukweli na hakuna anayeyabeza. Lakini lipo jibu la tatu ambalo mara nyingi halitajwi mkutanoni, husemwa pembeni wakati wa chai: mwalimu anaogopa.

Fikirieni mwalimu wa Gredi ya 5 mwenye wanafunzi 50. Kipindi ni cha dakika 35. Ameandaa somo, amebeba projekta, ameiwasha. Ukutani inatokea rangi ya samawati na maandishi yasemayo kwamba hakuna kitu kilichounganishwa. Anachomoa kebo, anachomeka tena. Dakika tano zimepita. Watoto wa nyuma wameanza kupiga gumzo. Dakika kumi zimepita. Mwalimu anazima mashine, anachukua chaki, na moyoni anaapa kwamba hatarudia aibu hiyo. Wala si mvivu. Ana haki ya kutotaka kuabishwa mbele ya watoto anaopaswa kuwaongoza. Kumpeleka warsha ya siku mbili kunasaidia, lakini warsha haimfuati darasani, na siku projekta inapokataa, mkufunzi yuko mbali.

Aliye karibu ni mtoto aliyeketi dawati la pili, anayejua ni kitufe gani hubonyezwa ili projekta itafute kompyuta. Anajua, lakini amenyamaza. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi yake kusema, na pengine anahofia kwamba akisema ataonekana mjuaji.

Hilo ndilo jambo la leo: shule imfanye mtoto huyo kuwa msaidizi rasmi wa mwalimu.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanafunzi walio hapa. Mwaka wa 1996, katika mji wa Olympia, jimbo la Washington nchini Marekani, mwalimu aitwaye Dennis Harper alianzisha mpango ambao baadaye ulijulikana kama Generation YES. Shule zilikuwa zimenunua kompyuta, na walimu hawakuwa wakizitumia. Badala ya kuwafundisha walimu peke yao, mpango uliwafundisha wanafunzi, kisha kila mwanafunzi akaunganishwa na mwalimu mmoja. Mwanafunzi hakwenda kumwonyesha mwalimu maajabu ya kompyuta. Alianza kwa kuuliza ni somo gani mwalimu alitaka kulifundisha vizuri zaidi, kisha wakakaa pamoja kulitayarisha. Mwalimu aliamua nini kifundishwe. Mwanafunzi alihakikisha kwamba mashine haitaharibu kipindi.

Mgawanyo huo wa kazi ushikwe vizuri, kwa sababu kuna wazo jingine linalofanana nalo kwa mbali na ambalo huchanganya watu. Mwaka wa 1999, msomi Sugata Mitra aliweka kompyuta katika tundu la ukuta mtaani Kalkaji, jijini New Delhi, akawaacha watoto waitumie bila mwalimu. Walijifunza mengi wenyewe, na habari hiyo ikasambaa duniani. Lakini asije mtu akasema kwamba basi walimu hawahitajiki. Mtoto anaweza kugundua mwenyewe jinsi ya kufungua picha. Hatagundua mwenyewe ni kwa nini jaribio la sayansi lazima lirudiwe mara tatu. Hilo linahitaji mwalimu.

Wala hakuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mwaka wa 2019 Mkenya Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Shule yake ni ya kutwa, Keriko, katika kijiji cha Pwani, Njoro, Kaunti ya Nakuru. Ilikuwa na kompyuta moja na mtandao dhaifu. Mwalimu alikuwa akienda saiba kupakua mafunzo, akirudi nayo yatumike bila intaneti. Pamoja na uhaba huo, wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na timu ya shule ikafuzu kwa mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi huko Arizona, Marekani. Kompyuta moja. Hesabu hiyo ikumbukwe kila mtu anaposema shule yake haina vifaa vya kutosha.

Sasa tofauti moja iwekwe wazi. Projekta inayoonyesha picha ya mmea ni afadhali kuliko kutokuwa na picha. Lakini mtoto bado ameketi, amekunja mikono, anatazama. Mtaala wa umilisi unamtaka ashike, apime, aunde, akosee na arekebishe. Teknolojia yenye faida darasani ni ile inayompa mtoto kitu cha kufanya kwa mikono. Na hapo ndipo mwalimu aliye peke yake huelemewa kabisa, kwa kuwa vikundi kumi vyenye vifaa kumi huleta matatizo kumi kwa wakati mmoja.

Chukueni somo la kilimo katika sekondari ya msingi, mada ikiwa ni maji katika udongo. Kuna bodi ndogo ya kompyuta iitwayo micro:bit, yenye upana wa sentimita 5 kwa 4 na taa ndogo nyekundu 25. Mwaka wa 2016 bodi hizo ziligawiwa wanafunzi wa darasa la saba kote Uingereza, na tangu hapo zimesambaa katika nchi nyingi. Inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti. Chukua misumari miwili iliyopakwa zinki, ichomeke kwenye mkebe wa udongo. Kwa waya zenye vibanio, msumari mmoja unaunganishwa na tundu la bodi lililoandikwa 3V, mwingine na tundu lililoandikwa 0. Udongo mkavu hupitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo namba inayotokea kwenye taa ni ndogo. Ongeza maji, namba inapanda. Kipimo kinaanzia 0 na kuishia 1023.

Kila kikundi kina mkebe, bodi, kijiko na daftari. Wanaongeza kijiko kimoja cha maji, wanakoroga, wanasoma namba, wanaandika. Kijiko cha pili. Cha tatu. Kisha wanachora mstari kwenye karatasi ya miraba. Wataona kwamba mstari haupandi sawasawa kama ngazi. Mwishoni unalala, kwa sababu udongo ukishaloa sana, kijiko kingine hakibadilishi mengi.

Halafu mkono mmoja unainuliwa: "Mwalimu, yetu imeharibika. Namba yetu ni tofauti na ya wengine."

Katika kipindi cha kawaida hapo ndipo mambo huvurugika. Lakini msaidizi wa teknolojia anafika kwenye meza hiyo. Anabadilisha betri, namba haibadiliki. Anaazima bodi ya kikundi jirani, namba ni ileile. Basi bodi ni nzima. Anarudi kwa mwalimu na kusema: mashine iko sawa, tatizo liko kwenye mkebe. Sasa mwalimu ana nafasi ya kufanya kazi yake. Anauliza kikundi: misumari yenu imeachana kiasi gani? Imeingia chini kiasi gani? Udongo wenu mliuchota wapi? Pengine waliuchota karibu na zizi la ng'ombe, ambako mbolea na mkojo vimeacha chumvi nyingi, na chumvi hupitisha umeme hata maji yakiwa machache. Kile kilichoonekana kuwa hitilafu ndicho kilichokuwa somo lenyewe. Watoto hawatasahau kwamba kifaa kinapima upitishaji wa umeme, na kwamba binadamu ndiye anayeamua maana yake ni maji.

Kazi ya msaidizi huanza kabla ya kipindi. Siku moja kabla anahesabu misumari, waya na betri. Anahakikisha programu imeshapakuliwa na kuhifadhiwa kwenye kipakatalishi cha mwalimu, kwa maana asubuhi mtandao unaweza kukosekana. Anakagua kebo. Hapa kuna jambo dogo linalowasumbua watu wazima wengi: kebo nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa kuchaji tu, hazipitishi data. Ukiunganisha bodi kwa kebo hiyo, taa inawaka, lakini kompyuta haioni chochote, na utadhani bodi imekufa. Mtoto aliyefundishwa huitambua kebo nzuri na kuifunga utepe mwekundu. Baada ya kipindi anachomoa misumari na kuifuta, kwa kuwa umeme ukiachwa upite kwenye udongo muda mrefu, msumari mmoja huliwa haraka.

Shule isiyo na bodi hizo isikate tamaa. Kishikwambi kina kamera. Kikiwekwa mahali palepale kila siku saa nne asubuhi na kupiga picha ya mche wa maharagwe uliosimama kando ya rula, baada ya wiki mbili darasa lina picha za kutosha kuhesabu mche ulikua milimita ngapi kwa siku, na siku gani ulipinda kufuata jua. Simu ya mwalimu inaweza kurekodi mpira unaodunda mbele ya mstari wa kupimia, kisha video ikatazamwa polepole. Wasaidizi wawili wanatosha kusimamia zamu ya picha, na mwalimu haachi kazi nyingine yoyote.

Kuhusu vifaa vilivyokwisha kukaa stoo: betri ya kishikwambi iliyoachwa tupu kwa miezi mingi huweza kukataa kabisa kuchaji tena. Ni afadhali vifaa vihifadhiwe vikiwa na chaji nusu hivi, vikaguliwe kila mwezi. Hiyo ni kazi inayoweza kupangiwa zamu ya wasaidizi, chini ya jicho la mwalimu. Betri iliyovimba haichajiwi wala haibonyezwi. Inaripotiwa kwa mtu mzima na kutengwa. Mtoto hafungui soketi ya ukutani, hapandi ngazi kutengeneza paneli ya sola, hafungui projekta yenye joto. Kwa hayo, shule iite fundi.

Wazazi wengine wameshaanza kunong'ona, na wana haki ya kujibiwa. Mzazi atauliza: mtoto alipelekwa shuleni kusoma, sasa amegeuzwa kibarua wa kubeba waya? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linategemea shule itakavyofanya. Msaidizi akitolewa darasani kila mara kwenda kutengeneza kompyuta ya ofisi, basi mzazi ana haki ya kulalamika hadi asikilizwe. Kazi hii ifanyike ndani ya kipindi chake mwenyewe, au wakati wa vilabu, kwa zamu isiyomrudia mtoto yuleyule kila siku. Ifanywe hivyo, mtoto hapotezi. Atakayemweleza mwenzake kwa nini namba inapanda, lazima kwanza aelewe yeye mwenyewe.

Mwalimu naye atauliza: heshima yangu iko wapi, mtoto akinionyesha kitufe mbele ya wenzake? Ukweli ni kwamba njia ya kusema huamua. Msaidizi afundishwe adabu ya kazi hiyo kabla ya kufundishwa kompyuta. Hamnyang'anyi mwalimu kipanya. Husema, "Mwalimu, naomba nikusaidie hapo," na akiambiwa ngoja, hungoja. Hamcheki mtu. Akimwonyesha mwalimu jambo, humwachia mwalimu alifanye kwa mkono wake, ili wiki ijayo asihitaji kuonyeshwa. Mwalimu anayesema mbele ya darasa, "Hili sijui, hebu tulitafute," hajapungukiwa na lolote. Watoto wamemwona mtu mzima akijifunza, jambo ambalo hawalioni mara nyingi.

Kuna mipaka isiyovukwa hata kwa udugu. Nenosiri la mwalimu halipewi mwanafunzi. Alama za tathmini zinazopakiwa kwenye mfumo wa KNEC haziguswi na mwanafunzi, hata kama mwalimu amechoka na mtoto ni mwaminifu. Picha za watoto zinazopigwa darasani zibaki shuleni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na kundi la WhatsApp la kijiji si mahali pa kuanzia.

Na wachaguliwe nani? Kosa rahisi ni kuchukua wale watano wanaoongoza mtihani, wote wavulana, wote watoto wa watu wenye kompyuta nyumbani. Mahali popote penye kompyuta moja na watoto sita, wavulana hushika kipanya na wasichana husogezwa pembeni kuandika. Basi nusu ya wasaidizi wawe wasichana, na hilo liandikwe, lisiachwe kwa nia njema. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu anaweza kuwa mtunza daftari la vifaa, kazi ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Yule mtundu aliyefungua redio ya babu yake akashindwa kuirudishia, huyo naye atazamwe kwa jicho jipya. Mara nyingi mtoto ambaye hesabu za ubaoni zimemkataa huwa mvumilivu ajabu mbele ya waya.

Serikali ya kaunti ina nafasi gani katika haya? Wakazi wajue vizuri ili wasidai mahali pasipo pake. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC. Kwa hiyo ombi la kishikwambi kipya cha Gredi ya 2 halipelekwi kwa MCA. Lakini vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti vina vijana wanaosomea umeme na kompyuta, nao wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Shule jirani yenye vishikwambi visivyowaka ni mahali pazuri. Mwalimu mkuu na meneja wa chuo wanaweza kukubaliana wao wenyewe, kwa barua ya ukurasa mmoja, kwamba wanagenzi na mkufunzi wao watafika siku fulani kila muhula. Wasaidizi wa shule watazame na kuuliza maswali. Chekechea nako, ambako watoto wana miaka 4 na 5, haya yote yasubiri. Mchanga, maji na vifuniko vya chupa vinawatosha.

Sasa kurudi kwenye ufunguo. Mwalimu mkuu anaufungia mkononi kwa sababu kifaa kikipotea, ndiye atakayeitwa kueleza. Kumwambia tu aachie ni kumwonea. Kinachohitajika ni daftari la mistari lenye safu tano: tarehe, namba ya kifaa, mwalimu aliyekichukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Msaidizi anaandika, mwalimu anatia saini, naibu mwalimu mkuu anakagua kila Ijumaa. Bodi ipitishe daftari hilo katika kikao na iandike kwenye kumbukumbu, ili siku kifaa kikiharibika darasani kwa matumizi ya halali, mwalimu asitozwe kama mwizi. Kifaa kinachotumika kitaharibika siku moja. Bodi ikubali hilo mapema.

Kuanzia Jumatatu, kila mwalimu mkuu aliye hapa anaweza kufanya jambo moja bila kungoja waraka wowote: afungue stoo pamoja na mwalimu mmoja na wanafunzi sita, watatu wasichana, wahesabu kilichomo, wachaji kinachochajika, waandike kipi kinawaka na kipi hakiwaki. Kazi hiyo inaweza kuchukua mchana mmoja. Halafu wachague kipindi kimoja tu cha wiki inayofuata, tuseme Jumanne kipindi cha pili, na mwalimu mmoja aliye tayari. Ufunguo wa siku hiyo ukabidhiwe mwalimu huyo kabla ya gwaride, si baada ya kengele kulia, maana dakika kumi za kumtafuta mwenye ufunguo ndizo zimeua vipindi vingi.

Wanafunzi walioketi nyuma wana maswali, na kipaza sauti kianze kwao.